Jino Bila Kadi

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, kibarua cha kwanza kilichonilipa kwa wakati kilihusu midomo ya watu. Kliniki moja ndogo ya meno Mji wa Kale ilitaka kadi zake za zamani ziingizwe kwenye kompyuta. Zilikuwa kwenye makatoni chini ya ngazi, kadi za manila, baadhi zimegandana kwa unyevu na chumvi ya bahari. Shilingi kumi kwa kadi. Nilikuja na laptopu yangu isiyo na herufi Q, nikajiambia wiki moja tu kisha nirudi kwa hadithi zangu. Nilikaa pale wiki tisa.

Kadi ya daktari wa meno ni ramani. Ina matao mawili, la juu na la chini, meno 32 kwa mtu mzima aliyekamilika. Siku ya kwanza Dokta alinisimamisha mbele ya kioo akanifundisha kuhesabu: gawa mdomo mafungu manne, anza juu kulia kwa mwenye mdomo, kisha zunguka. Jino la mbele la juu kulia ni 11. Gego kubwa la kwanza la chini kushoto ni 36. Ukisema 36 hapa Ndia Kuu, au Muscat, au Oslo, daktari anajua ni jino lipi bila kuuliza mara mbili. Wamarekani ndio wana hesabu yao, kama kawaida yao.

Ila ramani nyingi nilizozikuta zilikuwa tupu. Mstari mmoja: "36, ng'oa." Tarehe. Pesa iliyolipwa. Basi. Mtu hakurudi tena. Na majina yenyewe ni yale ya mtaani, Mama fulani wa Kibokoni, fulani wa mashua, bila jina la baba wala nambari ya kitambulisho. Dokta alinieleza bila kulalamika: watu wetu huja baada ya usiku wa tatu bila usingizi, karafuu imeshindwa, maji ya chumvi yameshindwa, na wanataka jino litoke, si kutibiwa. Kwa hivyo kumbukumbu pekee iliyobaki kuhusu mdomo wao ni ya jino ambalo halimo tena.

Nikamuuliza mbona asizichome. Akasema kadi ya meno ni ushahidi. Mtu akifa kwa moto au majini, sura ikiisha, kadi hii ndiyo ya kumlinganisha nayo. Nikamuuliza ni mara ngapi mtu amewahi kuja kuomba kadi kwa kazi hiyo.

"Kuja hapa?" Alifikiri kidogo. "Hajaja mtu."

Yuko kwenye kazi hii tangu kabla sijazaliwa.

Basi nikaanza kusoma. Ndivyo nilivyo, nikipewa kibarua cha kuchapa nageuka mpelelezi. Na nilichokikuta ni kwamba duniani kote kuna njia tatu ambazo Interpol inazihesabu kuwa za uhakika wa kwanza katika kutambua maiti baada ya maafa: alama za vidole, DNA na meno. Sura haimo. Nguo hazimo. Kutambuliwa kwa macho na jamaa, njia ambayo sisi tumeizoea hadi tunadhani ndiyo sheria, huhesabiwa kuwa ya kusaidia tu, kwa sababu mtu mwenye majonzi huona anachokitaka au anachokiogopa.

Meno yamo kwenye orodha hiyo kwa sababu rahisi. Enameli, lile gamba la nje la jino, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Samaki hawakiwezi. Udongo huchukua muda mrefu mno. Moto wa nyumba unaounguza vidole vyote mara nyingi huyaacha magego ya nyuma, kwa kuwa ulimi na mashavu huyakinga. Na ndani ya jino, kwenye kile kiini laini chenye mishipa, DNA hukaa imejificha kama mtu ndani ya nyumba ya mawe. Mwaka 1897 jumba la maonyesho ya hisani liliungua Paris, watu zaidi ya 120 wakafa, wengi wao wanawake wa tabaka la juu, na walipokosa namna ya kuwatofautisha wakaitwa madaktari wa meno waje na vitabu vyao. Hivyo ndivyo Duchess wa Alençon alivyotambuliwa. Daktari mmoja Mkuba aliyekuwa akifanya kazi huko, Oscar Amoedo, akaandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka uliofuata.

Lakini tazama ni nani waliotambuliwa. Duchess alikuwa na daktari wake wa meno. Daktari wake alikuwa na daftari.

Interpol ina fomu mbili za kazi hii. Ya rangi ya waridi hujazwa kwa maiti: jino gani lipo, lipi halipo, lipi limezibwa na kwa kitu gani. Ya njano hujazwa kwa mtu aliyepotea, alipokuwa hai: eksrei zake, kadi zake, picha zake, maneno ya jamaa zake. Kisha watu wanakaa mezani na kuzilinganisha. Fomu ya waridi anaweza kuijaza daktari yeyote mwenye taa na kioo, manake maiti iko mbele yake. Ya njano inataka mtu awe ameandikwa na mtu mwingine kabla hajafa. Hapo ndipo sisi tunapokwama, na sidhani ni suala la sayansi hata kidogo.

Ami yangu alifia Kilindini nilipokuwa darasa la tano. Jina lenyewe la bandari linatoka kwenye kilindi, maji ya kina, na kina hicho ndicho kinacholeta meli kubwa na ndicho kinachochukua watu. Kila mtu wa hapa ana hadithi yake. Wazee wana Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyobeba watu wapata 400 ikapinduka karibu kabisa na nchi kavu, wakafa 272. Rika langu tuna Septemba 2019, gari lililoteleza nyuma kutoka kwenye feri ya Likoni na mama na bintiye ndani, na zile siku 13 tulizokaa tukitazama simu mpaka walipotolewa.

Ami hakuingia kwenye habari. Alikuwa kibarua wa kupaka rangi meli, akaanguka usiku kutoka kwenye boti ndogo. Wavuvi walimkuta siku ya saba kwenye mikoko upande wa Mtongwe. Maji ya joto na kaa na samaki huanza na sehemu laini: macho, midomo, masikio, ncha za vidole. Ukiujua mpangilio huo utaelewa kwa nini alama za vidole hazikuwa na maana, na kwa nini babangu alitoka mochari akiwa amejishika ukuta. Nguo ilikuwa ovaroli ya buluu. Wangapi Kilindini wana ovaroli ya buluu?

Bibi ndiye aliyeingia. Wanawake wa kwetu hawaendi makaburini, lakini siku ile hakuna aliyemzuia. Alimwambia yule mhudumu amfungue taya. Chonge ya juu kushoto ya ami ilikuwa imeota juu ya jino la jirani, kama mtu anayechungulia foleni, na jino la mbele lilikuwa limemeguka pembe kwa sababu ya kufungua chupa za soda. Bibi akatazama, akasema, "Huyu ni wangu. Nimemnyonyesha." Wakamwambia atie sahihi. Hajui kuandika, akaweka dole gumba. Kabla ya alasiri ami akawa ameoshwa na kuzikwa.

Nilipokuwa kwenye kliniki nilitafuta kadi yake kwenye makatoni yote. Haikuwamo. Nikamuuliza babangu kama ami aliwahi kwenda kwa daktari wa meno, akacheka: "Na lile pengo la nyuma aliling'oa kwa uzi."

Sasa, kwa vipimo vya fomu mbili, ami hakutambuliwa. Chonge iliyopanda juu ni jambo la kawaida kabisa, Dokta huziona kila wiki. Pembe iliyomeguka nayo ni ya kawaida. Zikikutana mbili, upande uleule, kwenye mwili uliopatikana bandari ileile wiki ileile, kwa mtu wa kimo kile, nafasi ya kukosea inakuwa ndogo, lakini haiwi sifuri. Binamu yangu, mwanawe ami, alipofika miaka ishirini alianza kuuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka tu kujua kama kaburi analolisomea Yasin ni la babake. Bibi alinyamaza siku mbili.

Watu wasioishi hivi hudhani kutambua maiti ni jambo la hisia tu, "kupata nafuu ya moyo". Kwetu lina hesabu. Khalati, mkewe ami, alianza eda siku ileile, miezi minne na siku kumi. Bila mwili asingekuwa mjane wala mke. Mirathi isingegawanywa. Sheria ya Kenya inataka mtu asisikike miaka 7 kwa wale ambao wangepaswa kumsikia ndipo adhaniwe amekufa, na mjini humu wapo wanawake ambao waume zao walichukuliwa usiku na watu wasiojulikana, wanaohesabu miaka hiyo saba kwa vidole. Kwa hivyo Bibi alipolitazama lile jino alikuwa anaamua mambo mengi kwa mpigo, kwenye chumba chenye harufu ile, bila kadi yoyote mkononi.

Tsunami ya Desemba 2004, ambayo mawimbi yake yalifika hadi kwetu na kumuua mtu mmoja hapa Pwani, ilionyesha jambo hili kwa kipimo kikubwa. Thailand ilikuwa na maiti zaidi ya 5,000, nusu hivi zikiwa za watalii. Miezi ya mwanzo meno yaliwatambua watu wengi kuliko DNA. Ila waliotambuliwa haraka kwa meno walikuwa hasa wageni, Waswidi na Wajerumani, ambao kliniki zao zilituma eksrei zao. Wenyeji, wavuvi na wahudumu wa hoteli, wengi hawakuwa na cha kutumiwa. Mawimbi yalikuwa yaleyale, na maiti zililala kwenye ua uleule.

Si kwamba midomo yetu haisemi. Inasema mengi. Mzee wa Kijaluo wa rika la zamani anaweza kuwa hana meno sita ya mbele ya chini, yalitolewa alipokuwa kijana. Aliyekulia Nakuru au Naivasha ana madoa ya kahawia ya floridi ya maji aliyokunywa utotoni, na madoa hayo hayatoki kwa dawa ya meno yoyote. Bibi za Mji wa Kale wana wekundu wa tambuu, popoo na chokaa, uliozama kwenye mizizi. Mla muguka humjua kwa shavu moja. Mpelelezi mzuri angekuambia mwenye taya hili alikulia wapi na alipenda nini. Asichoweza kukuambia ni jina lake.

Kuna mahali pamoja Kenya ambapo jino hutumika kwenye kesi za jinai kila wiki, na karibu hakuna anayepaongelea. Ni kwenye kesi za unajisi.

Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 imepanga adhabu kwa umri wa mtoto. Akiwa na miaka 11 au chini, ni kifungo cha maisha. Kati ya 12 na 15, si chini ya miaka 20. Kati ya 16 na 18, si chini ya miaka 15. Kwa hiyo kabla ya jambo lingine upande wa mashtaka lazima uthibitishe umri. Kanuni za 2014 zinasema korti inaweza kutazama cheti cha kuzaliwa, karatasi za shule, au kadi ya ubatizo (hii ya mwisho kwetu Mji wa Kale haituokoi wengi). Na kama karatasi hakuna? Mtoto hupelekwa hospitali, na mara nyingi anayemtazama ni daktari wa meno.

Nimesoma hukumu nyingi za aina hii kwenye tovuti ya Kenya Law, za Mombasa, za Malindi, za Kwale. Ziko wazi kwa kila mtu na ni usomaji mzito, usizisome usiku. Mtindo unajirudia. Daktari anasema magego ya pili yameshatoka, meno ya akili bado, mizizi imefika hatua fulani, kwa hivyo umri ni miaka 15 hivi. Wakili wa mshtakiwa anauliza: hivi ni ngapi? Swali hilo lina haki yake. Meno ya mtoto mdogo hupima umri vizuri, gego la kwanza la kudumu karibu na miaka sita, la pili karibu na 12. Baada ya hapo saa inapungua kasi. Kinachobaki ni meno ya akili, na hayo yana tabia zao: kwa mmoja hutoka akiwa na 17, kwa mwingine 23, kwa mwingine hayatoki kabisa. Upana wa makosa ni miaka miwili kila upande, pengine zaidi. Vipimo vingi vilivyomo kwenye vitabu vilitengenezwa kwa watoto wa kwingine, maarufu zaidi kwa watoto wa Kanada wenye asili ya Kifaransa, 1973. Sasa chukua msichana wa Likoni ambaye mamake alijifungulia nyumbani na hakuna aliyemwandikisha. Kati ya 15 na 16 kuna miaka mitano ya jela ya mtu. Kati ya 17 na 19 kuna kesi nzima.

Nimewasikia watu wakisema hii inaonyesha ushahidi wa meno hauna thamani. Mimi naona kinyume. Jino linasema ukweli kwa kadiri linavyoweza, "huyu ni mtoto mkubwa, si mtu mzima bado, sijui mwezi." Tatizo ni kwamba tumelibebesha kazi ya cheti ambacho kingetolewa kwa gharama ndogo sana miaka 15 nyuma.

Upande mwingine kuna jino lililopewa sifa lisizostahili. Umeona kwenye sirizi: alama ya kuumwa begani mwa marehemu, mtaalamu anaweka plasta ya meno ya mshukiwa juu yake, zinaingiana, kesi imekwisha. Ted Bundy alitiwa hatiani Florida 1979 ushahidi wa namna hiyo ukiwemo, na tangu hapo dunia ikaamini. Kisha akaja Ray Krone wa Arizona. Meno yake ya mbele yalikuwa yamepinda, magazeti yakampa jina la utani kwa meno hayo, na mtaalamu akasema alama kwenye mwili wa marehemu ni yake. Akahukumiwa kifo 1992. Aliachiliwa 2002, DNA ilipomwonyesha mtu mwingine. Ngozi si plasta, huvutika, huvimba, hubadilika baada ya kifo. Mwaka 2022 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipitia tafiti zilizopo ikasema mbinu hiyo haina msingi wa kutosha wa kisayansi. Kwa hiyo nikikuta mtu anauza ushahidi wa meno kwa hadithi ya kuumwa, namwacha aendelee peke yake.

Kuumwa pekee ninakokuamini ni kwa Tsavo. Reli ilipotoka hapa Mombasa kwenda bara, simba wawili walikula wafanyakazi mtoni Tsavo mwaka 1898, na Patterson aliyewaua baadaye akadai walikula watu 135. Mafuvu yao yako Field Museum, Chicago. Mmoja alikuwa na chonge iliyovunjika na jipu kwenye mzizi, huenda ndiyo sababu aliacha kupambana na nyati akageukia mahema. Mwaka 2009 watafiti walipima kemia ya mifupa na manyoya yao wakakadiria watu kama 35. Na 2024 wengine wakachokoa nywele zilizokuwa zimegandamana kwenye matundu ya meno yale yaliyovunjika, wakasoma DNA: twiga, pundamilia, choroa, kuro, nyumbu, na binadamu. Miaka zaidi ya 120, na ushahidi ulikuwa bado umekwama kwenye jino. Wale vibarua waliotoka India na Pwani hii, majina ya wengi wao hayapo. Ya simba yapo kwenye kabati la kioo.

Nimeyasoma haya yote nikiwa na jambo moja kichwani ambalo nilikuwa nalikwepa, na liko safari ya saa chache kutoka kwenye meza niliyochapia zile kadi.

Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi kwenye msitu wa Shakahola, Kilifi. Walipomaliza walikuwa na maiti zaidi ya 400, watu waliofunga kula hadi kufa wakingoja kukutana na Yesu, wengi wao watoto. Mhubiri, Paul Mackenzie, alishtakiwa Malindi kwa mauaji ya watoto 191, na kesi nyingine ikaletwa hapa Mombasa, Shanzu. Maiti zilijaa mochari ya Malindi hadi yakaletwa makontena ya baridi. Familia zikaombwa zitoe sampuli za DNA. Za kwanza kurudishiwa jamaa zao zilirudishiwa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye.

Watu walikasirika na ucheleweshaji, na haki yao. Lakini fikiria kazi yenyewe. DNA nayo inataka fomu ya njano: mzazi, ndugu, mtoto, mtu hai wa kulinganishwa naye. Pale Shakahola familia zilikuja nzima, baba, mama na watoto, zikafa nzima. Wengine walitoka mbali, jamaa zao wako magharibi mwa Kenya na hawana nauli ya kufika, au hawajui hata kama mtu wao alikwenda huko. Nchi yetu ilipitisha sheria ya kuwa na ofisi ya uchunguzi wa vifo mwaka 2017, na miaka ikapita ofisi haijafunguliwa.

Na yale mahubiri yalikuwa yamewakataza shule na hospitali. Hilo ndilo jambo nisiloweza kuliacha. Mtoto wa miaka saba aliyelelewa ndani ya mafundisho hayo hana karatasi ya shule. Hana kadi ya kliniki. Hana kadi ya meno, na hata angekuwa nje ya msitu asingekuwa nayo. Maiti yake ikifunguliwa mdomo, daktari yeyote mwenye taa ataona magego ya kwanza ya kudumu yametoka, meno ya mbele ya maziwa yamedondoka, na ataandika: miaka sita hadi minane. Fomu ya waridi imejaa.

Kule kule Kilifi, kwenye pango la Panga ya Saidi, watafiti walikuta kaburi la mtoto wa miaka 78,000 iliyopita. Mifupa ilikuwa imegeuka unga, ikabidi wakate bonge zima la udongo, walifunge plasta, walipeleke Nairobi. Walipokuwa wakilifungua, meno mawili yalijitokeza, na ndipo walipoanza kushuku kwamba aliyelala mle ni binadamu. Meno hayohayo yakaonyesha umri: miaka miwili na nusu hadi mitatu. Walimpa jina, Mtoto. Alikuwa amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, kichwa kimewekwa juu ya kitu kama mto. Kuna mtu aliyemzika akimjua.

Dokta sasa ana programu mpya na anapiga picha mdomo wa kila anayeingia, hata aliyekuja kung'oa tu. Wazee wengine hukataa. Nilimwambia habari ya picha za selfi, kwamba wataalamu hutumia hata picha ya mtu akicheka, wakifuata ukingo wa meno ya mbele, akasema basi nyinyi vijana mko salama, mnacheka kwenye simu kutwa. Nilikwenda nyumbani nikatafuta picha ya ami akicheka, nimpe binamu yangu. Ziko nne. Moja ni ya kitambulisho, mdomo umefungwa kama inavyotakiwa. Mbili za harusi yake, ameona haya, kafunika mdomo. Ya nne yuko kwenye boti, mbali, na kinachoonekana ni ovaroli.